Harusi Iliyogawanywa Kama Mbuzi

Ikiwa gazeti lako la wiki jana lilifungia karanga kabla hujalisoma, usijali, hukukosa neno la kukufikisha mbinguni. Nilieleza jinsi mimi, Sadrack, mpiga video wa harusi hapa Butembo, nilivyompenda msichana ambaye baba yake anaona wapiga video wote ni wezi wenye taa. Msichana anaitwa Jokébed. Baba ni Mzee Éliakim wa Beni, mtaa wa Beu, shemasi wa kanisa na muuza mbao. Mbao zake huisha. Mahubiri yake hayaishi.

Nilieleza pia kwamba nilipiga video ya harusi ya Joyeuse, dada yake Jokébed, nikitumaini familia itaiona bidii yangu. Mzee akanipa sharti moja tu. Adamu naye alipewa moja tu.

"Sikia, kijana," alisema. "Ku harusi ya Clémence, mutoto yangu wa kwanza, caméraman alikata hotuba yangu. Nilisema mpaka bibi-arusi akasinzia, mais mu film ninaonekana paka nakohoa na kukaa tu. Ya Joyeuse ninaitaka nzima. Bila kukata, sawa vile ilizaliwa. Siku nitaiangalia nzima na familia yote, wazee wenu banaweza kuya kuongea juu ya Jokébed. Mbele ya ile siku, nisione ata kofia ya baba yako ku mulango yangu."

Nikasema ndiyo. Mwanamume aliyependa husema ndiyo hata akiombwa achemshe mawe mpaka yaive.

Basi, harusi nzima bila kukata ilikuwa faili moja, nene kama shemasi mwenyewe. Kuituma kwa internet ya mjini kwetu, Joyeuse angepata wajukuu kabla haijafika nusu. Flash? Kompyuta ya pekee nyumbani kwa Mzee ni ya Gustave, kaka yao, na Gustave aliapa kwamba flash ya mtu haitaingia tena humo tangu siku virusi vya kutoka cyber vilipomlia kazi zake zote. Zikabaki DVD, zile ambazo hapa kwetu kila mtu huziita CD.

DVD moja haikutosha. Nikatumia programu inayokata faili vipande, nikapata vitatu, nikachoma diski tatu. Nikaziandika kwa kalamu ya wino mzito 1, 2 na 3, na chini yake "Harusi ya Joyeuse", kwa mwandiko wa mtu anayeomba mke.

Sasa mnisikilize hapa, maana ndipo shetani alipoketi. Kipande kimoja cha faili ya namna hiyo si theluthi ya harusi. Ukipasua shati mara tatu ukawapa watu watatu, hakuna anayepata shati dogo. Wote wanapata kitambaa cha kufutia meza. Lazima vipande vyote virudi kwenye kompyuta moja, viunganishwe, ndipo harusi ifunguke.

Haya yote nilimweleza Gustave kwa simu. Gustave alielewa vizuri sana, kisha akaenda zake Kasindi, mpakani, kufuata bidhaa. Kifurushi kikapokelewa na Mzee.

Nikangoja sifa. Badala ya sifa, asubuhi moja simu ikalia kabla sijanawa uso.

"Sadrack," sauti ya Mzee ikasema. "Uko mwizi."

"Wavukire, papa," nikamwamkia kwa Kinande.

"Wavukire sana, mwizi. CD yako iko ya bure. Tunaiweka mu lecteur ya televisheni, inazunguka, inazunguka, kisha inaandika kizungu na kunyamaza. Kuya hapa."

Nikapanda gari. Barabara ya Butembo kwenda Beni siielezi. Anayeijua ameshasali, na asiyeijua asali tu.

Mzee alinipokea sebuleni na diski moja mkononi, namba 1, ameishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. Jokébed alileta chai, akaweka sukari nyingi kwenye kikombe changu bila kuniuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yetu ya mapenzi, sukari.

"Papa, hii peke yake haiwezi kufunguka," nikasema. "Inahitaji benzake. Zingine mbili ziko wapi?"

"Nilizigawanya."

Nilidhani sikusikia. "Ulizi... nini?"

"Nilizigawanya, kijana! Uliona wapi kitu ya ndoa inakuliwa na mutu moja? Mbuzi za mahari zikikuya, baba anapata ya kwake, mujomba ya kwake, shangazi ya kwake. CD zilikuya tatu. Hesabu ya Mungu mwenyewe. Ningefanya nini, nizikule paka mimi peke yangu?"

Nikamtazama mtu huyu ambaye nataka watoto wangu wamwite babu. Alikuwa ametulia kabisa. Tena alikuwa akingoja nimpongeze kwa haki aliyotenda.

"Ya baba niliikamata mimi," akaendelea. "Ya mujomba nilipatia Gamaliel, kaka ya marehemu mama yao. Ya shangazi nilipatia dada yangu Adèle, kule Bungulu. Njo desturi."

"Mujomba Gamaliel anaishi wapi?"

"Butembo. Nyuma ya studio yenu pale."

Yaani diski yangu ilipanda gari kutoka Butembo hadi Beni, ikapokelewa, ikaombewa, ikapanda gari tena ikarudi Butembo, ikalala karibu na kitanda changu kuliko viatu vyangu. Wamisionari wa zamani hawakusafiri hivyo.

Jokébed akanisindikiza uani. "Sadra, si uko na ingine ku kompyuta ya studio? Graver tu zingine, uzichome upya."

Akili ya msichana huyu ndiyo inayoniua. Nikampigia bosi wangu, Apollinaire, mwenye studio.

"Patron, harusi ya Joyeuse ya Beni, bado iko mu mashine?"

"Harusi ya nani? Nilifuta. Tulikuwa na dot mbili, mahari za watu, na kilio moja. Disque dur ya mashine haiko hoteli, Sadrack, kila mutu analala siku yake na anatoka."

"Na carte ya caméra?"

"Kilio iko ndani. Unataka nifufue mutu?"

Nikakata simu. Basi ulimwenguni kote, harusi ya Joyeuse ilikuwa imebaki katika sahani tatu za plastiki, mikononi mwa wazee watatu. Na wazee wawili kati yao, Jokébed akanieleza pale pale, hawajasalimiana tangu siku ya harusi yenyewe.

"Juu ya nini?"

"Juu ya nguzo. Mujomba Gamaliel njo alikuwa anapanga viti. Alimukalisha tante Adèle nyuma ya nguzo ya hema. Hakuona kitu. Ata keki alisikia tu banaipigia makofi."

Nikarudi Butembo kwa mjomba.

Mjomba Gamaliel ni mwalimu mstaafu, na kama walimu wengi wastaafu, ukimuuliza swali moja anakujibu matatu na kukupa zoezi la nyumbani. Aliitoa diski namba 2 ndani ya soksi.

"Nilijua utakuya," akasema. "Éliakim alijitwalia ya muzuri, mimi akanipatia mufu. Mais mimi siko mutu ya kukata tamaa. Niliisafisha."

"Uliisafisha na nini, mujomba?"

"Sabuni, na ile sponji ya chuma ya kusugua sufuria. Unaona vile inangaa?"

Niliona. Iling'aa kama goti la mtoto aliyeanguka mara nne barabarani. Nikamwomba anipe niende nayo Beni, tuziunganishe zote Jumapili.

"Nikupatie? Mufike kule muikule bila mimi? Hapana. Mimi mwenyewe nitaipeleka siku ya Mungu. Mais ule Adèle akikuwa pale, ninarudi na CD yangu."

"Mujomba, bila tante Adèle haiwezi kufunguka."

"Basi ibaki imefungwa. Kuna mambo mingi mu hii Congo imefungwa na tunaishi."

Nilimbembeleza mpaka ndimi zetu zikakauka. Mwishowe alikubali kuja, kwa sharti kwamba asiombwe kumsalimu Adèle. Nikakubali. Siku hizo nilikuwa nakusanya masharti ya watu kama mwingine anavyokusanya mayai.

Nikapanda gari tena kwenda Beni, Bungulu, kwa Tante Adèle. Nilimkuta uani na kuku wake. Sikuhitaji kuuliza diski iko wapi, maana jua lilinipiga nayo machoni. Ilikuwa imetundikwa kwa kamba juu ya kibanda cha kuku, inazunguka taratibu, namba 3, "Harusi ya Joyeuse".

"Inafukuza mwewe," akasema. "Mu lecteur ilikataa kufanya kazi. Hapa inafanya kazi kuliko marehemu bwana yangu. Tangu niiweke, sijapoteza ata kifaranga moja."

"Tante, nakuomba uniazime Jumapili tu."

"Ili nikuwe tena nyuma ya nguzo?" Akacheka bila kufurahi. "Nilimuogesha Joyeuse siku alizaliwa. Mama yake alikuwa mugonjwa, njo mimi nilimubeba ku mugongo mpaka akatembea. Siku ya harusi yake niliangalia nini? Mbao. Bendera ya plastiki. Mugongo ya mutu wa kutoka Luofu nisiyemujua."

Hapo, ndugu msomaji, dhihaka yangu iliniishia. Nilikuwa nimepiga video ya watu wote siku ile, hata mbwa wa jirani, na mama huyu sikumwona. Nilisikitika kwa kweli.

"Tante," nikasema, "ukikuya Jumapili, utakaa mbele kabisa. Utaona yote nzima, kutoka asubui, vile mutoto alivaa. Hakuna mutu atakuwa mbele yako."

Akamtupia kuku mmoja punje za mahindi.

"Na Gamaliel akae nyuma ya nguzo."

"Mu nyumba ya Mzee hakuna nguzo, tante."

"Atafute."

Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Mzee Éliakim ilijaa. Wakwe wa Joyeuse walikuja. Mashemasi walikuja na wake zao. Joyeuse mwenyewe alikuwa safarini na mumewe, bahati yake. Gustave alikuwa amerudi, akaunganisha kompyuta yake ya mezani na televisheni, na kwa kuwa umeme ulikuwa na shughuli zake kwingine, jenereta ikawashwa uani. Tante Adèle alikaa mbele, kwenye kiti chenye mito, amevaa kitenge kipya. Mjomba Gamaliel, baada ya majadiliano ambayo Umoja wa Mataifa ungejifunza kitu kwayo, alikaa nyuma ya kabati la vyombo. Aliona nusu ya televisheni. Alidai ni nusu nzuri.

Mzee akaomba. Aliomba mpaka soda zikapoa, kisha mpaka zikapata moto tena.

Namba 1 ikaingia bila shida. Namba 3 nikaipangusa mavi ya kuku, nikaiingiza, ikasomeka, ninyi mnaocheka kuku mtubu. Namba 2, ile iliyosuguliwa kama sufuria, ikaingia, ikanguruma, ikakwama karibu na mwisho.

"Njo hiyo ya Gamaliel," Tante Adèle akaiambia televisheni.

"Mimi niliisafisha!" kabati likajibu.

Nikamwomba Jokébed dawa ya meno. Watu walidhani nimechanganyikiwa, kumbe hulainisha mikwaruzo. Nikapaka kidogo kwenye diski, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka tundu la katikati kwenda nje, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto machozi. Nikairudisha. Ikanguruma. Gustave alifunga macho. Mimi nilitazama mikono ya Jokébed iliyoshika sinia.

Ikapita.

Vipande vikaungana, faili ikafunguka, na tazama, Joyeuse akatokea mlangoni na shela lake, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Tante Adèle hakupiga. Alishika mdomo, machozi yakamtoka, akasema tu, "Mutoto yangu. Kumbe alipendeza hivi." Mjomba Gamaliel akachungulia kutoka nyuma ya kabati, akaona anavyolia, akakohoa. Kisha, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha makosa yake mwenyewe, akasema, "Adèle, nikusogezee meza ndogo ya soda?"

"Sogeza," akajibu.

Ilikuwa mara yao ya kwanza kusemezana tangu harusi. Nilijiona nimefanya kazi ambayo wachungaji wawili walishindwa. Mzee Éliakim naye alikuwa ameona. Akanigeukia mbele ya wote, uso wake umefunguka, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyangoja kuliko mshahara:

"Sadrack. Nilikuita mwizi. Ninarudisha ile neno. Ikiisha vizuri, uambie wazee wenu bakuye Jumamosi."

Jokébed karibu aangushe sinia. Mimi karibu niimbe.

Hadithi nzuri ingeishia hapa. Lakini mliambiwa na nani kwamba maisha yangu ni hadithi nzuri?

Kwenye televisheni, Mzee Éliakim alisimama, akanyoosha tai yake, akafungua Biblia. Kwenye kiti chake, Mzee Éliakim alikaa vizuri na kumtazama Mzee Éliakim kwa heshima zote.

"Ongeza son," akasema.

Gustave akaongeza sauti. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mtu anayepiga video ndiye aliye karibu zaidi na mikrofoni ya kamera. Anachonong'ona yeye husikika kuliko anachopazia sauti mhubiri. Ndiyo maana kwenye montage, kule kukata na kuunga, huwa tunafuta sauti zetu na kuweka kwaya juu yake. Kila harusi ya mji huu unayoiona ina kwaya tamu wakati wa hotuba, ujue chini ya ile kwaya kuna mpiga video anasengenya. Hii haikukatwa. Haikuwekewa kwaya. Ilikuwa sawa vile ilizaliwa.

Na siku ile, wakati wa hotuba ile, Jokébed alikuwa amesimama ubavuni mwangu na chupa ya soda.

"Papa," nikasema, "hapa son iko mubaya kidogo. Turuke, tufike ku keki?"

"Usiruke. Umesahau sharti?"

"Hapana, papa."

Televisheni ikanong'ona kwa sauti yangu, wazi kabisa, sebule nzima: "Muzee huyu! Ata Mungu alishasema Amina, akaenda kukula."

Tante Adèle alicheka wa kwanza. Nyuma ya kabati, Mjomba Gamaliel akamfuata. Watu waliokosana kwa ajili ya nguzo wakapatana kwa ajili ya mgongo wangu. Hata shemasi mmoja alijifanya anapiga chafya.

Mzee hakucheka. "Ni nani ule anasema?"

"Ni mutu ya nyuma, papa," nikajibu. "Wageni bengine habana adabu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kujisikiliza. Nami nikaanza kutokwa na jasho, maana nilijua kinachofuata. Nawaambia ninyi mapema ili mlione shimo nililokuwa naliendea. Siku ile nilimtania Jokébed kwamba baba yake akininyima nitambeba usiku, bila wazee, bila mbuzi hata mmoja. Mnajua maana yake. Kumbeba binti wa shemasi namna hiyo ni kumtemea baba yake mate mbele ya kanisa. Nilisema kwa mchezo. Lakini Jokébed alinijibu, na jibu lake lilikuwa baya kuliko maneno yangu. Alisema, "Kungoja usiku, juu ya nini?"

Nilimtazama pale mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amekumbuka naye. Uso wake ulikuwa umekauka. Mimi ningefukuzwa tu, ningerudi Butembo kupiga video za vilio. Yeye ndiye angebaki katika nyumba hii na jibu lile.

Mkono wangu ukaanza kutambaa kuelekea waya wa kompyuta, taratibu, kwa unyenyekevu.

"Sadrack," Mzee akasema bila kugeuka. "Mukono."

Nikaurudisha.

"Akininyima Jokébed," televisheni ikasema, na ilikuwa sauti yangu, na hakuna aliyehitaji kuuliza tena ni nani, "mimi ninamubeba usiku. Asubui ataamuka akute paka mbao zake tu."

Safari hii hakucheka mtu. Ila ndani ya televisheni, karibu kabisa na mikrofoni, mwanamke alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, ambacho nyumba ile inakifahamu tangu kilipokuwa hakina meno. Kisha akavuta pumzi ili ajibu.

Uani, jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Televisheni ikawa nyeusi. Feni ya kompyuta ikanyamaza. Katika maisha yangu nimelaani ukosefu wa umeme kwa lugha tatu, lakini dakika ile nililipenda giza la kioo kile kuliko mkate. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo na kumwomba radhi kwa habari ya Amina.

Wakwe walitazama viatu vyao. Tante Adèle alimtazama Jokébed, kisha akainamisha kichwa upesi, naye alikuwa amekijua kile kicheko.

Mzee Éliakim hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayeweza kuhubiri mpaka soda zipate moto alikaa pale amekunja mikono. Alikitazama kioo cheusi alimokuwa akihubiri, nikajua si hasira peke yake. Alikuwa ameumia, na nilimwonea haya kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Jokébed," akasema mwishowe, taratibu.

"Papa."

"Mafuta ya groupe pale uani imeisha. Kidumu iko nyuma ya mulango. Kwenda kuleta ingine."

Nikasimama. "Papa, mimi ninaweza kwenda."

"Wewe kaa. Gamaliel, vuta kiti yako, ukae ku mulango."

Mjomba Gamaliel alitoka nyuma ya kabati, akaweka kiti chake katikati ya mlango, akiacha nafasi ya binti tu kupita. Alikaa kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepewa mahali pa kuona vizuri.

Jokébed aliweka sinia chini. Akakichukua kidumu. Alinipita karibu sana, nikasikia harufu ya sukari kwenye vidole vyake, na hakunitazama mpaka alipofika mlangoni. Hapo akageuka, akatutazama wote wawili, mimi na baba yake.

"Papa, nilete lita ngapi?"

"Ya kumaliza harusi, mutoto yangu," akasema Mzee. "Nzima. Bila kukata."